Banda Kwanza, Beberu Baadaye: Fundisho la Mfugaji Mdogo wa Mlowo

Upo usemi wa wahenga kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Wengine huongeza kwamba hata akizaa, huzaa dume. Usemi huu umezoeleka mno hata ukachukuliwa kuwa ni hukumu iliyokwisha kuandikwa, ambayo mja hana la kufanya ila kuipokea. Lakini mwenye kuuangalia kwa makini ataona kwamba mnyama wa maskini huzaa sawasawa na mnyama wa tajiri. Tofauti ni kwamba watoto wake hufa. Hufa kwa baridi ya usiku, kwa minyoo, kwa kukosa maziwa ya kutosha, na kwa maradhi ambayo chanjo yake ipo. Hayo si majaliwa. Ni mambo ya utaratibu, na jambo la utaratibu binadamu anaweza kulirekebisha.

Tunalisema hili kwa sababu umekuwepo mtindo, tangu enzi za mkoloni hata leo, wa kumlaumu mkulima mdogo kila mpango wa maendeleo unapokwama. Husemwa kwamba ni mkaidi, kwamba ameng'ang'ania mila, kwamba hapendi mageuzi. Katika jambo la ufugaji bora wa mbuzi lawama hii imerudiwa mara nyingi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba lawama hiyo aghalabu huelekezwa pasipostahili, na kwamba mkulima huyapokea mageuzi pale yanapoletwa kwa mpangilio unaolingana na hali yake.

Mlowo na Visiwani

Mlowo ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma na kuvuka mpaka kuingia Zambia. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, jirani na Mlowo. Nchi hiyo ni ya nyanda za juu, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza yapata Novemba na kwisha Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Wakulima wake, wengi wao Wanyiha, huishi kwa mahindi, maharage na kahawa. Mbuzi kwao ni akiba: huuzwa linapotokea la kutokea, iwe ni ugonjwa, msiba au mahitaji ya mtoto wa shule.

Huenda msomaji wa Unguja au wa Pemba akauliza: ya Mlowo yatufae nini sisi tulio visiwani? Jibu ni la namna mbili. Kwanza, mbuzi wa bara huvuka bahari kuja kwetu mwaka hadi mwaka, na hasa inapokaribia Idd el-Hajj kila mwenye kutaka kuchinja huijua bei yake. Mfugaji wa bara akipoteza watoto wa mbuzi zizini, mlaji wa kisiwani huilipa hasara hiyo sokoni. Pili, mkulima wa kisiwani naye ana ardhi ndogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waligawiwa eka tatu tatu, na tangu hapo eka hizo zimerithiwa na watoto na wajukuu, nyumba zimejengwa juu yake, na mahali pa kuachia mifugo hapapo tena. Swali la mfugaji wa Mlowo, yaani jinsi ya kufuga mahali padogo bila kugombana na jirani, ndilo swali letu pia.

Hesabu ya Mkulima

Yafaa tuanze kwa kuufahamu ufugaji wa kienyeji kabla ya kuulaumu. Katika vijiji vingi vya nyanda za juu kusini, wakati wa mvua mbuzi hufungwa kamba pembeni mwa shamba asije akaharibu mazao. Mavuno yakiisha huachiwa azurure akitafuta mabua na majani. Usiku hulala katika kibanda kidogo, mara nyingi juu ya ardhi tupu. Ufugaji wa namna hii hauna gharama ila kamba, na kama mnyama akifa, kilichopotea ni mnyama tu, si deni. Mtu asiye na akiba nyingine hafanyi upumbavu anapochagua njia ambayo haiwezi kumfilisi. Anapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa hali aliyokuwa nayo.

Lakini hali hiyo imebadilika. Mashamba yamegawanyika kwa urithi na malisho ya wazi yamepungua. Watoto waliokuwa wakichunga wako darasani, na tangu elimu ya msingi na sekondari ya kawaida ilipofanywa bila ada mwaka 2016 ni haki kabisa wawe huko. Mbuzi asiye na mchungaji akiingia katika mahindi au miche ya kahawa ya jirani, faini yake huweza kuzidi faida ya mwaka mzima. Tena bei ya mbolea ya viwandani ilipanda sana mwaka 2021 na 2022, hata Serikali ikarejesha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Hapo samadi ya mbuzi, iliyokuwa ikipotea porini, ikawa mali.

Watu husema kwa mzaha kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwa mbuzi wa Mlowo usemi huo hauna mzaha, na kila mwaka kamba inazidi kuwa fupi. Ndiyo maana banda linaanza kuwa na maana kwa mkulima. Halina maana kwake kwa sababu mtaalamu amelisifu. Lina maana kwa sababu linajibu matatu yanayomsumbua kwa wakati mmoja: mchungaji hayupo, jirani amekasirika, na kahawa inahitaji samadi.

Hatua kwa Hatua

Ieleweke basi kwamba ufugaji bora si kitu kimoja ambacho mtu hukipokea au hukikataa kwa siku moja. Ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja, na mkulima huyafungua moja moja. Kwa kawaida huanza na lile lisilodai fedha bali nguvu za mikono yake.

La kwanza ni banda lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye sakafu ya chaga. Miti ipo kijijini na ufundi upo. Nafasi kati ya fito na fito iwe kama sentimita moja na nusu, ili kinyesi kipite na kwato isinase. Mnyama hulala pakavu, minyoo na kuoza kwato hupungua, na samadi hukusanywa chini ya sakafu.

La pili ni malisho ya kukatwa: mabingobingo katika kingo za matuta, miti ya lusina au kaliandra kwenye mipaka, na mabua ya mahindi na majani ya maharage yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Hapo pana hadhari: asiyepanda malisho wakati wa mvua atakuja kulia mwezi wa Septemba. Hori lisikanyagwe, maji yawepo kila siku, na jiwe la chumvi lisikosekane.

La tatu ni uangalizi wa uzazi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Mtoto apate dang'a katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, maana ndiyo kinga yake. Madume yasiyochaguliwa kwa mbegu yahasiwe mapema, na beberu asiachwe mpaka akawapanda binti zake mwenyewe. Kosa hili la mwisho ndilo linalodhoofisha mifugo ya vijiji vingi kwa siri, na dawa yake haigharimu senti moja: ni kubadilishana mabeberu na kijiji cha pili.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima ana majike wanne. Kila mmoja akizaa mara tatu katika miaka miwili, na kila uzao ukitoa wastani wa mtoto mmoja na nusu, atapata watoto 18. Theluthi yao wakifa kabla ya kuachishwa maziwa, hubaki 12. Wakifa wawili tu, hubaki 16. Tofauti ni mbuzi wanne, sawasawa na idadi ya majike aliyoanza nao. Wanne hao hawakuletwa na mbegu ya kigeni. Wameletwa na sakafu kavu, dang'a na dawa ya minyoo iliyotolewa kwa wakati wake.

Jirani Ndiye Mwalimu

Mwaka 1943 wataalamu wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya mahindi ya mbegu chotara katika jimbo la Iowa. Kati ya wakulima 259 waliowahoji, wote isipokuwa wawili walikuwa wamekwisha kuipokea mbegu hiyo, lakini ilichukua zaidi ya miaka kumi. Wakulima hao walikuwa na shule na magari, na faida ya mbegu ilikuwa dhahiri. Hata hivyo waliisikia habari mapema na wakangoja. Walipoanza, walianza na kipande kidogo cha shamba. Muuza mbegu ndiye aliyewaletea wengi habari, bali jirani ndiye aliyewatoa wasiwasi. Ikiwa mkulima wa Iowa alingoja amwone jirani, kwa nini mkulima wa Mlowo aitwe mkaidi anapofanya vivyo hivyo?

Hapa kwetu mfano ulio bora uko Mgeta, katika milima ya Uluguru, Wilaya ya Mvomero. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei. Mahali penyewe ni miteremko mikali, ardhi ni ya vipande vipande, wakulima ni wa mboga, na kumfuga ng'ombe ni taabu. Mbuzi wa banda alipafaa. Majani alikatiwa, samadi ikaingia katika bustani za mboga, na jike chotara akatoa lita moja au mbili za maziwa kwa siku, ilhali mbuzi wa kienyeji maziwa yake hutosha mtoto wake tu. Baadaye wafugaji wa Mgeta wakawa wanauza mbuzi wa mbegu kwa sehemu nyingine za nchi. Lakini msomaji azingatie muda: mambo hayo hayakufanyika katika mwaka mmoja wa bajeti. Wataalamu walirudi mlimani mwaka baada ya mwaka.

Mfano wa pili uko Meru, nchini Kenya, ambako kuanzia mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilisaidia kueneza mbuzi wa aina ya Toggenburg, wenye asili ya Uswisi. Mkulima mdogo hakutakiwa kumnunua beberu peke yake. Kikundi kilimtunza beberu mmoja, na kila mwanachama akampeleka jike wake kupandwa. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kutibu maradhi ya kawaida. Hatimaye wafugaji wakaunda chama chao wenyewe cha kuzalisha mbuzi. Jambo lililokuwa zito kwa mtu mmoja likawa jepesi kwa wengi.

Hasara ya Kugeuza Mpangilio

Sasa tuseme kwa uwazi lile linalowahusu viongozi na watendaji. Mara nyingi mpango huanza na beberu. Beberu wa mbegu hupigwa picha vizuri, hukabidhiwa kwa sherehe, na huhesabika katika taarifa. Banda halina sherehe, na shamba la mabingobingo halikatiwi utepe. Matokeo yake ni kwamba mnyama wa thamani kubwa hufikishwa kwenye boma lisilo na malisho wala chanjo, na kiangazi cha kwanza humwondoa. Neno beberu katika msamiati wetu wa siasa lina maana nyingine, na hata huyu wa manyoya akiletwa bila maandalizi huwa na tabia ileile: hula vya wenyeji na kuwaachia hasara.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko kifo cha mnyama mmoja. Kijiji kizima huona, na jirani aliyekuwa akingoja ushahidi hupata ushahidi wa kinyume. Baada ya hapo bwana mifugo anaweza kuhubiri miaka kumi asisikilizwe. Ndiyo maana tunasema: banda kwanza, beberu baadaye.

Liko pia lile ambalo mkulima hawezi kulifanya peke yake hata akijitahidi vipi, nalo ni kuzuia maradhi yaendayo mbali. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, katika eneo la Ngorongoro, na haikuchukua muda mrefu ikafika Mtwara. Chanjo moja huweza kumkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Mashirika ya kimataifa ya kilimo na ya afya ya wanyama yaliazimia mwaka 2015 kwamba ugonjwa huo utokomezwe duniani ifikapo 2030, kama sotoka ya ng'ombe ilivyotangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Mlowo iko kwenye njia kuu ya mpakani, na mahali mifugo inapopita maradhi nayo hupita. Mfugaji mmoja akichanja mbuzi wake watano na kijiji kizima kisichanje, juhudi yake itakuwa na faida ndogo. Hapo ndipo dola inapotakiwa.

Sisi wa visiwani tunao ushahidi wetu. Kati ya 1994 na 1997 madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa, zaidi ya milioni 8, yalikuzwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Hakuna mkulima ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo kwa jembe lake. Serikali na wataalamu walipoondoa kizuizi kile kikubwa, njia ya kufuga mifugo ya maziwa ilifunguka. Kila upande ulifanya lililo lake.

Mwenye Kazi na Mwenye Pato

Fauka ya hayo, lipo suala la insafu ndani ya nyumba. Mbuzi anapofungiwa, majani hayamfuati mwenyewe. Lazima yakatwe na maji yatekwe, na kazi hiyo aghalabu humwangukia mama juu ya kuni, jiko na shamba. Ikiwa mama ndiye akataye majani na baba ndiye auzaye mbuzi, banda litadumu mwaka mmoja kisha litageuka kuwa kuni. Watendaji wanaoandikisha wafugaji wasiandike jina la mkuu wa kaya tu. Mafunzo yamfikie yule anayeshika panga la kukatia majani, na mpango wa kopa mbuzi lipa mbuzi, ambao mtu hupewa jike na kurudisha mtoto jike wa kwanza kwa ajili ya mwenzake, umtambue mama kama mkopaji kamili.

Nchi yetu imepata kufanya mageuzi ya namna hii kwa mafanikio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilisikiliza, kikajadili, kisha kikaamua chenyewe la kufanya, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa wingi. Waliochimba waliamua kwanza, tena mbele ya majirani zao. Kwa nini vikundi vya namna hiyo visikutane leo katika kata za Mbozi, na katika shehia za Unguja na Pemba, vikalitazama banda la mwenzao na kuuliza maswali bila aibu?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, taarifa za halmashauri zisihesabu mbuzi waliogawiwa. Zihesabu mbuzi walio hai miaka mitatu baada ya kugawiwa. La pili, beberu wa mbegu asipelekwe katika kijiji ambacho hakijajenga mabanda, hakijapanda malisho na hakijachanjwa. La tatu, mwaka wa kwanza wa kila mpango uwe wa kumjenga mkulima mmoja au wawili katika kila kitongoji, waliochaguliwa na wenzao, ili jirani apate pa kutazama.

Nchi yenye mbuzi zaidi ya milioni 25, karibu wote wa kienyeji, haina uhaba wa mbuzi. Ina uhaba wa watoto wa mbuzi wanaovuka miezi mitatu ya kwanza. Kuwavusha hao kunahitaji fito, majani, chanjo na subira, na vitu hivyo nchi hii inavyo. Mkulima wa Mlowo ameshaanza kuipiga hesabu upya kwa sababu kamba imekuwa fupi. Wajibu wa mtendaji ni kufika mapema kabla ya kiangazi, chanjo ikiwa mkononi, na kurudi tena mwaka unaofuata.